Je, Wajua? Moyo Ukizidiwa Hupeleka Habari Kwenye Damu

Je, wajua kwamba mioyo ya Wamasai iliwahi kuwashangaza madaktari wa Marekani? Miaka ya 1960, Dkt. George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt aliwapima wanaume 400 wa Umasaini, Tanganyika, waliokulia maziwa na nyama. Kwa chakula hicho ungetarajia damu iliyojaa lehemu, lakini yao ilikuwa na lehemu kidogo. Mwaka 1972 akaeleza alichokuta kwenye mioyo 50 ya Wamasai waliofariki: mafuta yalikuwa yameganda mishipani kama kwa wazee wa Marekani, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana na damu ilipata njia. Mann alidhani ni kwa sababu ya kutembea sana.

Habari hiyo isimlaze usingizi mtu wa Wasso, huku Loliondo. Moyo hushindwa kazi kwa njia nyingi. Watafiti wa Hospitali ya Muhimbili walipowafuatilia wagonjwa 427 wenye moyo ulioshindwa kazi, asilimia 45 walifikishwa hapo na shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 tu na mishipa ya moyo iliyoziba. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, umri wa mtu mwenye watoto shuleni bado.

Je, wajua kwamba moyo uliozidiwa hujisema wenyewe? Kuta zake zikivutwa kupita kiasi, humwaga kwenye damu homoni iitwayo BNP, inayozihimiza figo zitoe chumvi na maji. Wajapani walioigundua mwaka 1988 waliipata kwenye ubongo wa nguruwe, na jina la ubongo likaing'ang'ania, ingawa inatengenezwa zaidi moyoni. Hutoka na pacha wake, NT-proBNP, anayedumu zaidi kwenye damu. Kwa mtu anayehema kwa shida lakini hayuko katika dharura, pacha huyo akiwa chini ya pikogramu 125 kwa mililita, daktari hutafuta chanzo cha kuhema huko mahali pengine. Akipanda, bado si hukumu: uzee na figo mbovu humpandisha, na unene humshusha hata moyo ukiwa mgonjwa. Ndipo hutakiwa eko, picha ya mawimbi ya sauti inayoonyesha moyo unasukuma damu kwa nguvu gani.

Lakini kinachonigusa zaidi ni kipimo cha kawaida kabisa, cha wingi wa damu. Muhimbili, kati ya wagonjwa 401 wa moyo kushindwa kazi, asilimia 57 walikuwa na upungufu wa damu, na karibu nusu ya wote walipungukiwa madini ya chuma. Waliokuwa na yote mawili ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kulazwa tena au kufa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Loliondo, mama akivimba miguu na kushindwa kulala bila kuinuliwa kwa mito, usiseme ni uzee; huenda ni moyo. Mpeleke Hospitali ya Wasso, ile iliyoanzishwa na padri daktari Herbert Watschinger kutoka Austria, na uombe apimwe presha na wingi wa damu siku hiyohiyo.