Kazi Yenye Staha: Kweli au Si Kweli?

Mwenye ajira tayari ana kazi yenye staha.

Si kweli. Kwa kipimo cha kimataifa kilichopitishwa Geneva mwaka 2013, aliyefanya kazi ya malipo au faida kwa saa moja tu katika wiki anahesabiwa kuwa ana ajira. Watakwimu wanakihitaji kipimo hicho, lakini hakisemi kama mtu huyo alilipwa vya kutosha, alitukanwa, au alirudi nyumbani mzima.

Mwenye kipato cha chini, ukimuuliza kazi yenye staha ni ipi, atataja pesa tu.

Nusu kweli. Huko Scotland, shirika la Oxfam na University of the West of Scotland waliwauliza wafanyakazi wa kipato cha chini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Malipo yanayotosha mahitaji ya msingi yalitangulia, na ni haki yatangulie. Lakini nyuma yake zilikuja hoja nyingine: uhakika wa kazi, likizo na siku za ugonjwa zenye malipo, mahali salama, na msimamizi anayekusaidia. Hili la msimamizi linanigusa sana, kwa sababu halionekani kwenye hati ya mshahara. Orodha ya mambo mema yeyote anaweza kuiandika ofisini. Lipi litangulie, anajua anayeamka kwenda kazini.

Wazo la kazi yenye staha haliwahusu bodaboda na mama lishe.

Si kweli kabisa. Juan Somavia, akiliongoza Shirika la Kazi Duniani (ILO), alipoliweka wazo hili mezani mwaka 1999 aliwataja pia waliojiajiri na wanaofanyia kazi nyumbani. Kasoro iko kwenye maswali yanayoulizwa kwenye tafiti. Muulize dereva wa bodaboda Dar es Salaam kuhusu likizo ya malipo, hana la kukujibu. Muulize hesabu anayompelekea mwenye pikipiki, na inakuwaje siku anapougua. Atakueleza mpaka abiria aje.

Mkuu wa kaya anaweza kujibu maswali hayo kwa niaba ya wote.

Hapana, hasa pale penye dada wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Lakini anayelala kwa mwajiri huamka kabla ya watoto na kulala baada ya wageni. Saa zake hawezi kuzitaja yule anayehudumiwa. Aulizwe mwenyewe, na aulizwe mwajiri akiwa hayupo.