Ufa juu ya uso wa nkambo

Wenzangu wa Mulungwishi, mlio bado chuoni na mliokwisha kutawanyika Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, leo nataka kueleza mambo ya kamera, hasa ule mchezo wa kulaza tekstura juu ya picha, yaani unachukua picha ya ukuta, mbao, kutu au kitambaa na kuitandika juu ya picha nyingine mpaka zinakuwa moja. Lakini nianze na aibu yangu, maana bila hiyo nisingejifunza kitu.

Mwaka wa kwanza baada ya masomo nilikuwa nangoja kazi, kama wengi wetu. Nikanunua kamera ya mtumba Lubumbashi, Canon EOS 1100D na lenzi yake ile ya kawaida ya 18-55. Sikusoma chochote. Niliiacha ijiongoze yenyewe, mimi kazi yangu ilikuwa kubonyeza. Jumapili moja jioni nilimpiga picha babu, nkambo kama tunavyosema kwetu, amekaa chumbani kwake chini ya balbu dhaifu. Flashi niliizima kwa sababu ilimuumiza macho. Nilipiga moja tu, akasema inatosha.

Picha ilitoka imetikisika, na imejaa chengachenga kama televizyo ya zamani. Nilimtumia shangazi yangu wa Kolwezi kwa WhatsApp jioni ile ile, basi tu amwone baba yake. Usiku aibu ikanishika. Nikaifungua picha kwenye programu moja ya simu, nikatafuta picha ya ukuta wa udongo uliopasuka, nikailaza juu yote, nguvu zote. Kumbe! Mtikisiko haukuonekana tena. Nilijiona msanii. Nikabonyeza kuhifadhi, na programu ikaandika picha mpya juu ya ile ya kwanza. Kadi ya kamera nayo niliifuta wiki iliyofuata, kwa ajili ya ndoa ya jirani.

Baada ya miezi minne nkambo alitutoka. Siku ya matanga picha ilitafutwa, na ya karibuni ilikuwa hiyo moja. Ndugu zangu waliikuza, wakaitia kwenye fremu, wakaiweka mezani. Shangazi akafika kutoka Kolwezi, akasimama mbele yake kwa muda mrefu, halafu akanigeukia:

"Weye mutoto, juu ya nini ulimupasula baba uso? Eko anaonekana sawa ukuta ya kubomoka."

Sikuwa na jibu. Ufa mmoja ulipita katikati ya jicho la kushoto mpaka kwenye mdomo.

Sasa twende polepole, tuone nilikosea wapi. Kosa la kwanza halikuwa la tekstura, lilikuwa la mwanga. Kamera yoyote, hata ya simu, inapokea mwanga kwa njia tatu. Kuna tundu la lenzi, ambalo linaandikwa kwa namba zenye f: namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, ndiyo inayowachanganya wengi. Kuna shata, yaani kilango kinachofunguka na kufungwa, na muda wake unahesabiwa kwa vipande vya sekunde. Halafu kuna ISO, ambayo ni jinsi kamera inavyoongezea nguvu ule mwanga mdogo iliopata. Ni sawa na kuongeza sauti ya redio isiyoshika vizuri, na kelele nazo zinapanda.

Jioni ile kamera ilichagua yenyewe: tundu f/5.6, shata 1/15, ISO 3200. Namba hizo zinaniambia kila kitu leo. Lenzi ile ukiivuta mpaka 55 tundu lake haliwezi kupita f/5.6, na mimi nilikuwa nimevuta kwa uvivu wa kusogea. Sehemu ya 15 ya sekunde ni ndefu sana kwa mzee anayepumua na kutikisa kichwa, na kwa mkono wangu pia. Na 3200 ndizo zile chengachenga. Kwa mtu aliyekaa ningetaka angalau 1/125, na kutoka 1/15 kufika hapo mwanga lazima uongezwe mara nane. Mara nane inatisha, lakini mchana, kiti kikihamishwa kutoka ndani ya chumba mpaka mlangoni kwenye baraza, unaipata bila shida na hata zaidi. Yaani dawa ya picha yangu ilikuwa kumwambia nkambo, "Tungoje kesho, tutakaa nje." Hakuna programu ya kuuzwa iliyokuwa bora kuliko hilo.

Ukitaka zoezi, fanya nililofanya mimi kwa wiki mbili baadaye: weka kitu kimoja, chungu au kiatu, kwenye baraza. Zungusha gurudumu la kamera mpaka M, na uweke ISO 100. Jua likiwa kali bila mawingu, anza na f/16 na shata ya karibu 1/100, halafu badili kitu kimoja tu kila mara na utazame. Ukifungua tundu hatua moja, fupisha shata hatua moja, mwanga utabaki ule ule lakini picha itabadilika sura: nyuma ya chungu kutaanza kufifia. Siku ya tatu mkono unaelewa kabla ya kichwa. Kwa wenye simu tu, simu nyingi zina sehemu ya Pro yenye ISO na shata. Tundu peke yake ndilo kwa kawaida haliguswi.

Kosa la pili ni tekstura yenyewe, na hapa nitakaa zaidi kwa sababu mafundisho mengi ya intaneti hayasemi jambo linalotuhusu sisi.

Kompyuta inaona kila pikseli kama namba. Tuseme 0 ni giza kabisa na 1 ni weupe kabisa. Njia ya kwanza ya kulaza tabaka ni kuzidisha, ambayo Photoshop ya Kifaransa inaiita Produit: namba ya picha mara namba ya tekstura. Nusu mara nusu ni robo, kwa hiyo siku zote inatia giza, isipokuwa pale tekstura ilipo nyeupe kabisa. Sasa fikiria ngozi nyeupe ya yule mtu wa kwenye video, tuseme 0,8. Ukuta wa 0,7 unamfikisha 0,56, na ufa wa 0,2 unamfikisha 0,16. Anapendeza, bado unamwona. Mchukue nkambo wangu, mtu mweusi, chumbani, uso wake 0,3. Ukuta unamshusha mpaka 0,21 na ufa mpaka 0,06. Hiyo 0,06 ni shimo, bwana. Uso umekwisha. Nilifuata maelekezo yaliyopimwa kwa ngozi nyingine, na sikujua.

Njia ya pili ni kinyume chake, Superposition kwa Kifaransa cha Photoshop, nayo siku zote inaongeza mwanga. Uso wa 0,3 chini ya ukuta wa 0,7 unapanda mpaka 0,79. Nkambo angekuwa kama amepakwa majivu. Inafaa kwa vumbi, moshi na ukungu wa asubuhi, si kwa sura ya mtu.

Njia ya tatu, Incrustation, ndiyo ninayoitumia. Inatia giza kwenye giza na mwanga kwenye mwanga, na ina siri moja nzuri: tekstura yenye kijivu cha katikati, 0,5, haibadilishi kitu. Basi mimi kwanza naondoa rangi zote kwenye tekstura, naisawazisha mpaka sehemu kubwa iwe kijivu hicho, na kinachobaki ni mikwaruzo tu. Ufa wa 0,3 juu ya uso wa 0,3 unafika 0,18. Halafu napunguza nguvu ya tabaka mpaka asilimia 25, na uso unabaki 0,27. Mkwaruzo unausikia kuliko unavyouona. Na hata hivyo, machoni na mdomoni nafuta tabaka kwa brashi laini. GIMP inafanya haya yote bure kwenye kompyuta, umeme ukiwepo.

Kuhusu wapi pa kutoa tekstura: zamani nilikuwa nakula mega kupakua kuta za Ulaya, eti ni nzuri kuliko zetu. Ukuta uliochakazwa na theluji unatafuta nini juu ya mtu wa Mulungwishi? Tazama tulichonacho. Matofali ya kuchoma yenye alama za moshi. Vichuguu vyekundu vinavyozidi urefu wa mtu. Majani yaliyoungua mwezi wa nane, kabla ya mvua. Magunia ya makala. Mabati yenye kutu. Malakita, lile jiwe letu la kijani lenye duara ndani ya duara, ukilikata na kulisugua linakupa tekstura ambayo wapiga picha wa kwingine wangeilipia. Piga kamera ikiwa sambamba kabisa na ukuta, f/8, ISO 100, jua likiwa limelala pembeni ili kila kijiwe kitoe kivuli chake. Saa sita mchana ukuta ule ule unakuwa bapa kama karatasi. Na usibadilishe lenzi barabarani, vumbi letu jekundu likiingia ndani ya kamera utaliona kwenye kila anga utakayopiga. Lingine, mbele ya daraja, kizuizi au eneo la mgodi uliza ruhusa kwanza. Kamera inaweza kulala mahali ambapo wewe hukutaka ilale.

Kulaza picha juu ya picha si mchezo wa simu za leo tu. Kule Lamu, Omar Said Bakor alijulikana kwa studio yake ya picha za kuunganisha, kabla kompyuta hazijafika. Na karibu zaidi yuko Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kusoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kazi yake iitwayo Mémoire ni ya mwaka 2006. Wenzangu mnaoandika, msistuke, si ile ya kutetea mbele ya jury. Alichukua picha za kale za wafanyakazi na mabwana wa wakati wa Union Minière, akawakata, akawasimamisha juu ya picha zake mwenyewe za mitambo ya Gécamines ilivyo leo, imechakaa. Watu ni weusi na weupe wa picha za zamani, nyuma kuna rangi.

Nilizitazama picha hizo kwenye intaneti baada ya matanga, na ndipo nikaelewa kitu. Baloji hafichi kiungo. Unaona wazi kwamba huyu katoka wakati mwingine. Wala haziandiki kuta juu ya nyuso. Kutu imebaki kwenye mitambo, mtu amebaki mtu, na vyote viwili vimetoka nchi moja, ndiyo maana vinazungumza. Mimi tabaka langu lilikuwa na kazi moja tu, kuficha mkono uliotikisika.

Kuhusu kuhifadhi nitasema kwa ufupi, kwa sababu nililipa ghali: picha ya kwanza haiguswi. Kila ninachohariri nakihifadhi kwa jina jingine, ya kwanza inakaa kwenye folda yake na nakala kwenye flash disk ya dada yangu. Kadi haifutwi mpaka nihesabu sehemu mbili. Kamera yako ikiwa na RAW, iwashe, ni nzito lakini inakuachia nafasi ya kurekebisha mwanga na rangi baadaye.

Sasa turudi kwa shangazi. Siku ya tatu ya matanga alikumbuka kwamba nilimtumia picha. Alitafuta kwenye simu yake, akipita mamia ya picha za watoto na vitenge, mpaka akaipata. WhatsApp ilikuwa imeibana, imebaki pikseli 1600 kwa urefu. Fremu kubwa ya mezani haikuwezekana tena. Lakini kwa karatasi ya sentimeta 10 kwa 15, pikseli hizo zinatosha kabisa, tukaichapisha Likasi kesho yake.

Nilimwomba samahani kwa sababu imetikisika. Alinitazama kama nimesema neno la kijinga.

"Yeye njo alikuwa vile," akasema. "Hakukuwa anatulia."

Nakala ya shangazi iko Kolwezi. Yangu iko juu ya meza ninapoandikia, na folda ya tekstura imefika kuta 60 na kitu. Ule ukuta wa udongo nilienda kuupiga upya mwezi wa saba, jua la pembeni, f/8. Ni ukuta mzuri sana. Nimeulaza juu ya picha ya mlango wa jikoni wa nkambo, mlango ukiwa wazi, na hakuna mtu ndani.