Nani ana ufunguo wa depo? Ruhusa za folda kwenye seva ya koperative

Ndugu wanamemba, tuanze na depo ya mpunga. Kule Kiringye, kama pengine katika bonde la Ruzizi, kila mtu anajua kanuni. Mlinzi wa depo ndiye ana ufunguo. Memba anaingia siku ya kupima, anaona mifuko yake, lakini haipangui. Mpita njia anaona mlango tu. Hesabu za mpunga huo zikihamia kwenye kompyuta, kanuni ni ile ile.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa kuumia. Programu yetu ya kuandika mavuno na madeni ya mbegu iko kwenye seva, ni kusema kompyuta ya kukodi iliyo mbali, inayowaka usiku na mchana, nasi tunaifikia kwa simu. Siku moja programu ilikataa kupokea picha za karatasi za mizani. Fundi akaandika namba 777 kwenye folda zote, picha zikapita, tukamshukuru. Baadaye tukakuta katika folda ya picha faili ambalo hakuna kati yetu aliyeliweka. Haikuwa picha, ilikuwa programu. Je, hesabu zilikuwa bado za kweli? Hatukuweza kujua. Ilibidi tuchukue daftari la karatasi na kuhakikisha mstari kwa mstari, mama mtunza daftari akisoma, sisi tukilinganisha.

777 ni nini? Kila tarakimu ni ya kundi moja la watu: ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kikundi chake, ya tatu ni ya wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha programu ni 1. Kwa folda, hiyo 1 ni ruhusa ya kupita ndani. Jumlisha 4, 2 na 1, unapata 7. Basi 777 ni kumpa kila mtu ufunguo. Na seva ya kukodi mara nyingi iko na wapangaji wengi.

Hapa wengi wanadanganyika: wanafunga faili, wanaacha folda wazi. Kufuta faili hakutegemei ruhusa ya faili lenyewe, kunategemea ruhusa ya folda lilimo. Ni kama daftari lenye kufuli ndani ya nyumba isiyo na mlango. Mwizi hataandika ndani yake. Atalibeba na kuacha lingine mahali pake.

Dawa si ngumu. Folda za kawaida zipewe 755: mwenyewe anafanya yote, wengine wanapita na kusoma tu. Mafaili ya kawaida yapewe 644. Faili lenye neno la siri la hesabu lipewe 640 au 600, wengine wasilisome kabisa. Folda ya picha lazima programu iweze kuandika humo, lakini seva ikatazwe kuendesha programu yoyote kutoka ndani yake. Mfuko unaingia depo, lakini mfuko hautoi amri.

Kwenye mkutano mkuu ujao, mwulizeni fundi wenu, bila haya:

– Ni folda gani zenye 777, na kwa nini?
– Nani anaweza kuandika kwenye folda ya hesabu?
– Fundi wa zamani aliondoka na neno la siri?
– Nakala ya hesabu inawekwa wapi, nje ya seva hiyo?

Fundi mzuri hatakasirika. Na daftari la karatasi msilitupe. Sisi ndilo lililotuokoa, na mpaka leo kila jioni ya kupima mama anaandika humo kwanza, ndipo tunafungua simu.