Mwito wa Baraza la Kutunga Sheria

Wazee wetu walisema, "Usikatae wito, kataa neno." Maana yake, mtu akiitwa na aende, akifika ndipo atakapokubali au kukataa lile aliloitiwa. Katika mazungumzo haya twataka kueleza nguvu ya baraza litungalo sheria katika kumwita shahidi, na katika kumleta asipotaka kuja. Tutatwaa mfano wa Marekani, kwa kuwa huko jambo hili limebishaniwa mahakamani tangu zamani.

Kwanza yafaa tuulize, Baraza lina haja gani na mashahidi? Kazi yake si kuhukumu wezi, bali kutunga sheria na kuangalia jinsi fedha za watu zitumiwavyo. Lakini fundi hawezi kushona kanzu pasipo kumpima atakayeivaa. Vivyo hivyo Baraza haliwezi kutunga sheria njema pasipo kujua mambo yalivyo, na wayajuao mara nyingi ndio wasiotaka yajulikane. Kwa hiyo Baraza hutoa hati ya kumwita mtu, aje aape na kujibu maswali, au alete vitabu vyake vya hesabu.

Baraza Kuu la Marekani huitwa Kongresi, nalo lina mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Mwaka 1924 Seneti iliweka kamati ya kuchunguza kazi ya Harry Daugherty, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Watu walinung'unika kwamba hakuwashtaki waliostahili kushtakiwa. Kamati ikataka kumwuliza nduguye, Mally Daugherty, mkuu wa benki moja katika jimbo la Ohio, na kuviona vitabu vya benki ile. Ikamwita, asije. Ikamwita mara ya pili, asije, wala hakutoa udhuru. Ndipo Seneti ilipotoa amri akamatwe, na mjumbe wake, John McGrain, akamkamata katika mji wa Cincinnati.

Yule bwana akapeleka shauri kwa jaji wa huko, naye jaji akaamuru aachiliwe, akisema kwamba Seneti ilikuwa ikifanya kazi ya mahakama, wala si kazi ya kutunga sheria. Shauri likapelekwa mbele hata likafika Mahakama ya Juu. Tarehe 17 Januari 1927 mahakama hiyo ilitengua hukumu ya kwanza. Ilisema kwamba uwezo wa kuchunguza, pamoja na nguvu ya kumlazimisha shahidi, ni jambo la lazima kwa kazi ya kutunga sheria. Na kweli, ikiwa aitwaye ana hiari ya kuja au kutokuja, hati ile ni barua ya kuomba tu.

Lakini nguvu hii ina mpaka wake. Mwaka 1876 Baraza la Wawakilishi lilimwita Hallet Kilbourn, likamwuliza habari za biashara ya ardhi aliyoifanya na wenzake. Alikuja, ila alikataa kujibu maswali kadha wa kadha. Baraza likamfunga siku 45. Alipotoka alimshtaki mkuu wa askari wa Baraza aliyemfunga, na mwaka 1881 Mahakama ya Juu ikasema kwamba Baraza halikuwa na haki ya kupekua mambo ya mtu binafsi yasiyohusu kazi yake. Basi zile hukumu mbili zalingana na mithali yetu. Daugherty alikataa wito, akashindwa. Kilbourn alikataa neno, akashinda.

Sasa, Baraza hulazimisha kwa njia gani? Njia ni tatu. Ya kwanza ni kumfunga mtu kwa amri yake lenyewe. Lakini mwaka 1821 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kifungo hicho hakiwezi kuendelea Baraza likiisha kufunga mikutano yake. Ya pili yatoka katika sheria ya mwaka 1857: Baraza humpeleka mkaidi kwa mwendesha mashtaka, na akihukumiwa na mahakama hufungwa mwezi 1 hata miezi 12. Ya tatu ni kuiomba mahakama imwamuru shahidi atii.

Njia ya kwanza haikutumiwa tena tangu mwaka 1935. Njia ya pili ingaliko. Mwaka 2024 watu wawili waliokuwa washauri wa Rais walitumikia kifungo cha miezi minne kila mmoja. Lakini ina kasoro kubwa. Mwendesha mashtaka ni mtu wa Serikali, na mara nyingi anayekataa mwito ni mtu wa Serikali vilevile. Mwendesha mashtaka asipotaka kushtaki, Baraza hubaki na hati yake mkononi. Na njia ya tatu huenda polepole. Kumbukeni kwamba shauri la Daugherty lilichukua karibu miaka mitatu.

Afrika ya Mashariki nako jambo hili lipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 125, yalipa Bunge na kamati zake uwezo wa kumwita mtu yeyote, pamoja na nguvu kama za Mahakama Kuu za kumlazimisha aje na kutoa hati.

Huenda mwanakijiji akasema, "Mambo haya ni ya wakubwa, yanihusu nini?" Yamhusu sana. Fedha ya barabara, ya shule na ya dawa hutoka katika kodi yake. Ikipotea, yeye hawezi kumwita mwenye kuitunza amwulize. Wajumbe wake Barazani ndio wamwitao kwa niaba yake. Wao wakiitwa dhaifu na kupuuzwa, aliyepuuzwa ni yeye. Nao wakiutumia mwito kumtesa mtu kwa mambo ya nyumbani kwake, kesho huenda ikawa zamu yake. Kwa hiyo na apende vyote viwili: wito wenye nguvu, na neno lenye mpaka.