Ndimu na Chumvi si Dawa ya Bloki za Matangazo

Kila anayepata bloki ya zamani ya kuchapia matangazo, awe ameinunua mnadani Uingereza au ameikuta katika droo ya kiwanda cha chapa kilichofungwa, huuliza swali lilelile: niisugue kwa ndimu na chumvi, au kwa ndimu na majivu, ili ing'ae? Nimechoka kulijibu kwa mdomo, basi leo nalijibu kwa maandishi. Usiisugue. Ukiisugua, unafuta picha.

Watetezi wa ndimu wana hoja moja, na kwa sufuria ni ya kweli: asidi ya ndimu ikisaidiwa na chumvi huondoa weusi wa shaba. Lakini sufuria haina picha usoni. Bloki iliyochapa fotografia ya trekta au ya mashine ya kukerezea vyuma katika majarida ya wahandisi na wafanyabiashara ina uso uliogawanywa kuwa nukta. Kwa majarida ya karatasi laini, kioo kilichoigawa picha mara nyingi kilikuwa na mistari 120 au 133 kwa inchi. Zidisha 133 kwa 133 upate nukta 17,689 katika inchi moja ya mraba. Penye giza, vishimo kati ya nukta havifiki kina cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Penye mwanga, kila nukta ni kilele kidogo kilichosimama peke yake, na hicho ndicho kinachobeba wino. Majivu na waya wa kusugulia huanza kula hapohapo.

Asidi ni mbaya zaidi. Bloki hizi zilichimbwa kwa asidi na chumvi kali: shaba kwa kloridi ya chuma, zinki kwa asidi ya nitriki. Kabla ya kuirudisha zinki katika asidi, fundi alipaka unga wa utomvu mwekundu uitwao damu ya joka kwenye mbavu za mistari, akauyeyusha kwa moto, ili asidi ichimbe chini bila kula pembeni. Ustadi wake wote ulikuwa kuizuia asidi isivuke mpaka. Wewe unaimwaga bila kinga yoyote! Zinki haivumilii hata asidi hafifu; huyeyuka ikitoa viputo vya haidrojeni. Mng'ao unaokufurahisha ni metali mpya iliyofichuliwa baada ya ile ya juu kuondoka, na ile ya juu ndiyo iliyokuwa picha.

Kisha huja maji ya kusuuzia. Mabamba mengi ya metali yalipigiliwa juu ya kipande cha mbao ili kimo chote kifike inchi 0.918, kimo cha herufi za risasi Uingereza na Marekani. Mbao ikinywa maji huvimba, misumari hulegea, bamba huinuka upande mmoja. Bloki ya namna hiyo haichapi sawasawa tena.

Tena, bloki nyingi zinazoitwa za shaba si shaba tupu. Kampuni iliyotangaza katika majarida kadhaa kwa pamoja ilitengenezewa nakala, yaani elektrotaipu: ganda jembamba la shaba lililojazwa risasi kwa nyuma. Tazama ukingo wake. Juu nyekundu, chini kijivu. Sugua kwa bidii na ganda hilo litatoboka. Na ule weusi unaokukera mara nyingi ni wino wa zamani, ambao mafuta yake yameilinda metali miaka yote hiyo.

Ya kufanya ni haya. Pangusa vumbi kwa brashi laini, kavu. Kwa wino uliogandamana, tumia kitambaa chenye tapentaini kidogo, ukaushe papo hapo. Ukiona unga mweupe juu ya risasi, usipulize wala usipige brashi, maana ni sumu. Vaa glavu na unawe mikono. Usipake vanishi, kwa kuwa huziba vishimo. Usihifadhi risasi katika droo ya mwaloni, kwa sababu mvuke wa mti huo huila. Usizilaze bloki uso kwa uso. Funga kila moja kwa karatasi isiyo na asidi. Ukitaka kusoma maandishi, piga picha kwa mwanga wa ubavuni, kisha igeuze kwenye simu. Ukitaka nakala ya wino, mpelekee mpiga chapa anayejua mashine za herufi za risasi.

Maktaba nyingi zilipojalidi majarida zilichana kurasa za matangazo na kuzitupa. Uchapaji wa ofseti, usiohitaji bloki, ulipotawala, bloki kwa wingi ziliuzwa kama vyuma chakavu. Kwa hiyo, kwa baadhi ya matangazo, bloki uliyoishika huenda ndiyo ushahidi pekee uliosalia. Nakuomba, msomaji, uiache na weusi wake.