Nguvu za Mwili si Hati ya Afya ya Moyo



Askari anayelinda mpaka wa Rusizi, pale mto unapotoka katika Ziwa Kivu, huikagua silaha yake kabla ya kushika lindo. Je, ni wangapi wanaoukagua moyo?

Wengi huamini kwamba mwenye kukimbia alfajiri hawezi kupatwa na maradhi ya moyo. Imani hiyo ni ya hatari. Shinikizo la damu kwa kawaida halina maumivu. Mtu aweza kuwa nalo miaka mingi, akapanda vilima vya Cyangugu bila kutweta, ilhali mishipa yake inakakamaa na moyo unaelemewa. Dalili ya kwanza yaweza kuwa kiharusi, au kuanguka lindoni na bunduki mkononi. Hapo maisha yaliyo hatarini si yake peke yake.

Basi kinga huanza kwa kupima. Kipimo kikirudia kufika 140 kwa 90 au kuzidi, ni wajibu kumwona mganga; hospitali za Gihundwe na Mibilizi zimo wilayani humo. Aliyepewa vidonge asiviache kwa kuwa amepata nafuu au amehamishiwa kituo kingine, kwani shinikizo hurudi kimyakimya.

Tumbaku iachwe kabisa, na pombe ipunguzwe. Sambaza wa Kivu ni chakula bora, lakini chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Na ofisa aliyepandishwa cheo akakalia kiti asisahau mazoezi: dakika 150 kwa juma zatosha.

Watoto nao wasisahauliwe. Maumivu ya koo yaletwayo na vijidudu fulani, yasipotibiwa, huweza kuharibu vali za moyo. Tangu mwaka 2008 madaktari wa shirika la Team Heart la Marekani wamefika Kigali kuwapasua wagonjwa wa namna hiyo katika Hospitali ya King Faisal. Upasuaji huo ni mzito na wa gharama. Penisilini itolewayo mapema ni nafuu mno.

Mwisho, neno kwa makamanda. Askari anayelalamika kwamba kifua kinambana, huku akitokwa na jasho baridi, asishukiwe kuwa anakwepa kazi. Apelekwe hospitali mara moja. Kila dakika inayopotea kwa kumhoji ni sehemu ya moyo inayokufa.