Kabla Masika Hayajabisha Hodi: Gari, Mimi na Baba Nasri

Wenzetu wa Ulaya wana majira yao ya baridi. Ujerumani, kwa mfano, ukitembea kwenye theluji bila matairi ya baridi umevunja sheria. Sisi wa Pwani theluji tunaiona kwenye televisheni tu. Lakini tuna masika, kuanzia Machi hadi Mei, na masika nayo hayana mzaha. Mimi nilijifunza kwa njia ngumu, Aprili 2024, njiani kwenda Miono.

Ngoja nikusimulie, msomaji wangu, halafu usinicheke.

Februari ile fundi wetu alituambia wazi: "Dada, matairi ya nyuma yamebaki kipara, na waipa zimekauka." Baba Nasri akataka kubadilisha siku hiyo hiyo. Nani alikataa? Mimi! Send-off ya binti wa mama mdogo ilikuwa imekaribia, na mchango wetu ulikuwa bado. Nikamwambia, "Mume wangu, tairi halisemi, ndugu wanasema. Mwezi ujao tutanunua." Mwezi ujao ukaja na ada ya Nasri. Unajua mambo ya mjini.

Kisha ikaja simu alfajiri. Wifi yangu analia: mama mkwe ana homa kali toka juzi, hali chakula, njooni mumlete hospitali kubwa. Tukaingia kwenye IST yetu, safari ikaanza huku mvua inamwagika.

Bagamoyo tulipita salama. Mbele ya Kiwangwa, kwenye kona, nyuma ya gari ikateleza kama sabuni. Tukazunguka, tukasimama pembeni ya barabara, pua ikitazama tulikotoka. Hakuna aliyesema neno. Waipa zinakwaruza tu kioo, kwaru, kwaru. Baba Nasri hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tukaenda taratibu hadi Msata, tukavuka Wami, tukakata kulia pale Mandera kuelekea Miono. Kule udongo ni mweusi, ukilowa unanata kama ulezi. Hatujafika mbali, tukakuta bonde limejaa maji yanayokimbia. Baba Nasri akakanyaga mafuta kidogo, anataka kupita. Mama yake yuko ng'ambo, ungefanyaje wewe?

Mzee mmoja mwenye mabuti ya mvua akatuwekea mkono. Tukamsalimu shikamoo. "Marahaba, wanangu. Hapa msipite. Maji haya yanaonekana kama ya kuogea bata, lakini yana nguvu." Akachomeka fimbo yake, ikazama hadi karibu na goti.

Tukasubiri. Saa ya kwanza, saa ya pili. Mwisho vijana wa kijijini wakambeba mama mkwe kwenye kiti, wanne, maji magotini, wakamvusha hadi kwenye gari letu. Nilimpokea nikiwa nalia. Siku zote najua: kama ingekuwa usiku, au kama vijana wale wasingekuwapo, leo ningeandika habari nyingine.

Mama alitibiwa, akapona. Siku aliyotoka hospitali alilitazama gari, akacheka: "Mwanangu, gari lenu zuri, ila miguu yake imechoka."

Tangu hapo Februari ni mwezi wa gari nyumbani kwetu. Haya ndiyo tunayofanya, na wewe na mwenzio mnaweza kuyafanya Jumamosi moja tu.

Matairi kwanza. Kashata ndiyo inayosukuma maji pembeni ili mpira uguse lami. Ikiisha, gari linaelea. Nchi za Ulaya zinataka kashata isipungue milimita 1.6. Angalia ndani ya mifereji ya tairi, kuna vinundu vidogo. Kashata ikilingana navyo, tairi limekwisha. Ukinunua la mtumba, soma tarakimu 4 ubavuni: 2219 maana yake limetengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2019. Na kama unanunua mawili tu, mapya yafunge nyuma, kwani nyuma ikiteleza ni vigumu kuirudisha. Usisahau spea, jeki na spana yake.

Waipa na taa. Mpira wa waipa unakaushwa na jua letu la kiangazi. Ukiacha mistari kwenye kioo, badilisha. Hakikisha taa zote zinawaka, hasa za breki.

Betri na breki. Safisha vichwa vya betri, kaza waya. Mwambie fundi afungue magurudumu atazame pedi. Ukivuka dimbwi, kanyaga breki kidogo kidogo ukiwa mwendo mdogo ili zikauke.

Maji yanayokimbia, usiyajaribu. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani wanasema maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kuchukua gari dogo. Na likizimika ndani ya maji, usipige stata tena! Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, vyuma vya pistoni vinapinda na injini ndiyo basi. Shukeni kama ni salama, mliache. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kabla ya safari, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha mpigie simu mtu wa kule uendako. Yeye ndiye anayejua kama bonde limejaa.

La mwisho ni la wapenzi. Tumeweka kibubu cha gari, kila mwezi kila mmoja anatia chake, na hakiguswi kwa harusi wala kipaimara. Ndugu wakiuliza, nawaambia mchango wetu mwaka huu utakuwa mdogo. Wengine wamenuna. Wanune tu. Siku mama mkwe akipiga simu tena, nataka tufike.